Boga kubwa ghalani na mezani: hukaa muda gani, na lishe yake tuisomeje?

#1 Mkulima wa Mufindi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mwezi Mei mwaka huu nilivuna maboga 42 kutoka katika shamba la mahindi, mengi yakiwa na uzito wa kati ya kilo sita na kumi na moja, nikayapanga katika chumba cha nyuma nikiamini kwamba nimeweka akiba ya kufikia mvua za Novemba. Leo tuko katikati ya Septemba: 19 tumekula na kuwagawia majirani, 14 yameoza, na tisa ndiyo yaliyobaki. Theluthi ya mavuno kuishia katika shimo la mboji si jambo la kunyamazia.

Niliweka daftari, kwa hiyo naweza kusema yaliyooza yalianzia wapi. Sita yalikaa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, na yote yalianza kulainika kitakoni. Matano yaling'oka kikonyo siku ya kuvuna, kwa sababu vijana walionisaidia waliyabeba kwa kukishika kikonyo kana kwamba ni mpini wa ndoo. Mawili yalikuwa na alama ndogo kama ya sindano, ambayo sasa naamini ni kazi ya inzi wa matunda. Moja lilioza tu, bila sababu niliyoweza kuiona.

Swali langu la pili linahusu lishe. Nilipima boga moja la kilo tisa kabla na baada ya kulipasua. Nilipoondoa ganda, kikonyo, mbegu na utumbo wake, nilibaki na kilo 6.3 za nyama. Jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani linasema kwamba gramu 100 za boga bichi zina kilokalori 26. Hesabu ikanipa kilokalori kama 1,640 kwa boga zima, ambayo ni pungufu ya nishati iliyomo katika nusu kilo ya unga wa mahindi. Niliyatazama yale masufuria mawili yaliyojaa vipande hadi ukingoni, nikajiuliza kama miezi yote hii nimekuwa nikitunza maji. Wenye ujuzi wa ghala na wenye ujuzi wa lishe, karibuni.

#2 Ghala la Njombe

Mkuu, daftari lako limekwisha kujibu nusu ya swali la kwanza. Kinacholihifadhi boga ni ganda lake, na kazi yote ya ghala ni kuliacha ganda hilo lisiguswe, lisilowane na lisipate baridi kali. Kila boga ulilolipoteza lilikuwa na mlango: kitako kilichonyonya unyevu wa saruji, tundu pale kikonyo kilipong'oka, au kidonda cha inzi ambaye alitaga mayai tunda likiwa bado changa.

Kazi huanzia shambani. Boga lililokomaa halikubali kuingiliwa na ukucha wa kidole gumba; ukibonyeza na ukucha ukaacha alama, liache. Kikonyo kiwe kimeanza kukauka na kuwa kama gamba la mti, na pale boga lilipolalia udongo pawe pamegeuka kutoka weupe kuelekea njano. Likate kwa kisu kikali, ukiacha kikonyo cha sentimita tano hadi kumi, kisha libebe kwa mikono miwili chini ya tumbo.

Hatua ambayo wengi wetu huiruka ni ile ya siku kumi za mwanzo. Wataalamu wa uhifadhi hushauri boga likae mahali penye joto la nyuzi 27 hadi 29 na hewa inayopita, ili mikwaruzo midogo ifunge na ganda likazane. Kwetu huku nyanda za juu joto hilo halipatikani chumbani mwezi Mei, lakini hupatikana mchana chini ya bati la dari, au juani kwenye turubai, mradi yaingizwe ndani jioni kabla ya umande. Baada ya hapo yanahitaji mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 13. Katika hali hiyo maboga ya kawaida hukaa miezi miwili hadi mitatu, na yale yenye ganda gumu sana, kama jamii ya Hubbard, huweza kufika miezi sita. Kwa hiyo tisa yako ya Septemba si haba.

Sasa lile moja lililooza bila sababu. Naomba ukumbuke lilikaa sehemu gani ya chumba. Usiku wa Juni na Julai huko Mufindi huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na boga huumizwa na baridi ya aina hiyo hata kama halijaganda. Ubaya wake ni kwamba jeraha la baridi hujilimbikiza kimya kimya, kisha wiki kadhaa baadaye hutokea madoa yaliyobonyea, na kuvu huanzia hapo.

Jenga kichanja cha mianzi, weka nyasi kavu, yapange safu moja bila kugusana, na uyakague kila Jumamosi. Kama unaivisha parachichi au ndizi katika chumba hicho hicho, zihamishe, kwa sababu gesi inayotoka katika matunda yanayoiva huharakisha kuzeeka kwa boga.

#3 Mama Futari

Wanangu, nimesoma hizo nyuzi 10 hadi 13 nikacheka peke yangu. Huku Tanga mjini ukitaka baridi hiyo ulitie boga ndani ya friji, na friji yenyewe ni baridi mno kwa boga zima, tena hakuna mwenye friji ya kumeza boga la kilo tisa. Mimi huyanunua yakishuka kutoka Lushoto, nayaweka kwenye kitanda cha kamba barazani, upande unaopata upepo na usiopata jua, na sijawahi kulivusha lolote zaidi ya wiki saba. Kwa hiyo watu wa pwani wasijilaumu wakishindwa kufikisha miezi mitatu. Wanunue machache, mara nyingi.

Ninalotaka kulisema linahusu boga lililopasuliwa, maana hapo ndipo nyumba nyingi hupoteza. Likishapasuliwa, hesabu si ya miezi tena, ni ya siku. Kinachoharibika kwanza ni utumbo, zile nyuzi zinazoshika mbegu, na uteute wake hulisha uozo unaoingia katika nyama. Ukwangue wote kwa kijiko siku hiyo hiyo, hata kama hutapika leo. Vipande vikavu vilivyofunikwa vizuri hukaa katika friji siku tatu hadi tano. Ukiviacha na utumbo wake, siku ya pili utasikia harufu ya togwa lililochachuka.

Na kwa huyu mwenye wasiwasi wa maji: mwanangu, boga likiwa na maji mengi huongezewi mengine. Mimi hupanga vipande ganda likielekea chini, natia maji kikombe kimoja tu, nafunika sufuria kwa mfuniko unaobana. Boga huiva kwa mvuke wake. Tui zito huingia mwisho, na chumvi kidogo na iliki, na moto ukiwa mdogo ili tui lisikatike.

#4 Mtu wa Lishe

Mama Futari ametangulia kunijibia sehemu muhimu bila kutaja vitamini hata moja, nami nitarudi kwenye hilo tui lake.

Mleta uzi, hesabu yako ni sahihi, ila umeliuliza boga swali la unga. Ukilipima kwa nishati litashindwa daima, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya nyama yake ni maji. Liulize swali la vitamini A. Jedwali hilo hilo ulilolitumia linalipa boga bichi mikrogramu 426 za vitamini A kwa kila gramu 100, kwa kipimo cha retinoli. Katika kilo 6.3 zako kuna mikrogramu karibu 26,800. Mwanamume mzima huhitaji 900 kwa siku, mwanamke 700, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu 300. Boga moja lililokaa pembeni ya chumba chako Septemba, wakati mchicha umekauka na maembe hayajafika, lina vitamini A ya kumtosha mtu mzima karibu mwezi, au mtoto mdogo karibu miezi mitatu. Mapishi hupunguza kiasi fulani, lakini hata ukikata robo nzima, bado hiyo ni akiba kubwa.

Inafaa kueleza hicho kipimo, kwa sababu wengi husoma jedwali vibaya. Boga halina vitamini A iliyo tayari kama ile ya maini. Lina karotini, rangi ile ya chungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa kawaida huhesabiwa kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula hutoa moja tu ya retinoli. Karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo boga lililochemshwa na kuliwa kavu na chai ya rangi hupitisha sehemu kubwa ya karotini yake bila kutumika. Kijiko kidogo cha mafuta, karanga zilizosagwa au tui la Mama Futari hubadilisha hali hiyo. Jambo jingine ni kwamba mwili hupunguza ugeuzaji huo ukishatosheka, hivyo hakuna sumu ya vitamini A itokanayo na boga. Mtoto anayelishwa boga kila siku anaweza kupata rangi ya manjano viganjani, na mama akaogopa ini. Atazame weupe wa macho: ukibaki mweupe, ni karotini tu, na itaondoka.

Tahadhari yangu kubwa ni kwamba neno «boga» katika jedwali si lazima liwe boga lako. Jedwali hilo hilo linaipa butternut kilokalori 45 na mikrogramu 532 za vitamini A, na linaipa Hubbard kilokalori 40 lakini mikrogramu 68 pekee. Ili kujua walau jamii ya boga lako, tazama kikonyo. Kikiwa cha mviringo, kinene na laini kama kizibo cha chupa, ni *Cucurbita maxima*, jamii ya Hubbard na ya maboga makubwa kuliko yote duniani. Kikiwa kigumu, chenye pembe tano, na kinatanuka pale kinaposhika tunda, ni *Cucurbita moschata*, jamii ya butternut na ya maboga mengi ya mashamba yetu. Kisha lipasue uone rangi: chungwa iliyokolea huahidi karotini zaidi kuliko njano hafifu.

Kuhusu ghala na lishe pamoja: boga ghalani liko hai na linapumua. Polepole hutumia wanga wake, na wanga mwingine hugeuka sukari, ndiyo maana boga la Julai huwa tamu kuliko lile lile lililopikwa Mei. Vitamini C hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Karotini hustahimili vizuri, na katika aina kadhaa huongezeka katika miezi ya mwanzo. Anayehifadhi boga kwa ajili ya vitamini A, kwa hiyo, hapotezi kwa kusubiri.

Na usizitupe mbegu. Gramu 100 za kiini kikavu zina protini gramu 30 na kilokalori 559, pamoja na magnesi na zinki kwa wingi. Zikaushe kabisa kabla ya kuzifungia, kwa sababu mbegu zenye mafuta zikihifadhiwa mbichi ni makao mazuri ya kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga.

#5 Mwana wa Nyanza

Nawasalimu kutoka Kisumu, ambako sisi twaliita malenge. Mzee wangu ana kisukari, na jirani alimwonya kwamba malenge ni hatari kwake kwa sababu kiwango chake cha kupandisha sukari ni 75, karibu sawa na mkate mweupe. Tangu hapo hagusi, na yeye ndiye aliyeyapanda. Je, onyo hilo lina msingi?

#6 Mtu wa Lishe

Ndugu yangu, nambari hiyo ipo katika majedwali, lakini imesomwa nusu. Kipimo hicho hulinganisha vyakula kwa kiasi kilekile cha wanga. Ili mtu apate gramu 50 za wanga kutoka katika boga la kawaida angelazimika kula zaidi ya robo tatu ya kilo, na hakuna anayekula hivyo kwa mlo mmoja. Kipande cha gramu 250 kina wanga kama gramu 16. Ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga una zaidi ya gramu 100. Kwa hiyo mzee anaweza kulirudia malenge lake, akilihesabu kama sehemu ya wanga wa mlo huo na si kama mboga ya kuongezwa juu ya ugali uliojaa sahani, na asilitie sukari. Akiwa na aina iliyokauka na yenye unga mwingi, kipande kiwe kidogo zaidi. Jambo ambalo ningemuuliza daktari wake ni hali ya figo, kwa kuwa boga lina potasiamu kama miligramu 340 kwa gramu 100, na wagonjwa wengine wa figo hupangiwa kikomo cha madini hayo.

Mama wa watoto wadogo nao walisikie hili, ingawa halikuulizwa. Zile kilokalori 26 ambazo mleta uzi alizilalamikia ni tatizo la kweli kwa mtoto wa miezi minane, kwa sababu tumbo lake ni dogo na hujaa kabla hajapata nguvu. Boga lipondwe pamoja na karanga au mafuta, au lichanganywe katika uji mzito. Lisichukue nafasi ya uji.

#7 Mtanzania wa Minnesota

Huku maboga ya Hubbard huuzwa Oktoba, mengine yana kilo saba au zaidi, na ganda lake linahitaji panga kuliko kisu. Mimi hulioka zima katika oveni hadi ganda lilainike, baada ya kulitoboa matundu machache ili mvuke utoke, kisha nalipasua kwa urahisi, naondoa mbegu, naponda nyama na kuigandisha katika mifuko ya vikombe viwili viwili. Katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa karibu mwaka.

Nawaonya wale wanaopenda kufungia vyakula katika chupa. Rojo la boga lisifungiwe nyumbani hata kwa jiko la presha, kwa kuwa boga halina asidi ya kutosha na uzito wa rojo huzuia joto kufika katikati, na hapo bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, huweza kubaki. Mwongozo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani unaruhusu vipande tu, katika jiko la presha.

#8 Mkulima wa Mufindi (mleta uzi)

Ghala la Njombe, nimekwenda kutazama. Boga lile lilikuwa chini ya dirisha ambalo kioo chake kilivunjika tangu Aprili nikaziba kwa gunia. Sina la kujitetea.

Leo asubuhi nimepasua mojawapo ya yale tisa. Ganda lilikuwa zuri, gumu, bila doa, lakini ndani mbegu kama ishirini zilikuwa zimeota, na mizizi myeupe imepenya kidogo katika nyama. Mke wangu amekataa kulipika. Linafaa kuliwa? Sina friza, kwa hiyo nauliza pia kama naweza kuyakausha yaliyobaki.

#9 Ghala la Njombe

Mbegu kuota ndani ni dalili ya uzee. Ina maana kile kinachozizuia mbegu zisiote ndani ya tunda kimekwisha nguvu. Nyama ikiwa ngumu, haina uteute wa kamasi wala harufu ya pombe, ondoa sehemu iliyopenywa na mizizi upike iliyobaki. Kabla ya kupika kata kipande kidogo kibichi, kiguse kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tema na utupe boga zima, usimpe hata mbuzi. Uchungu huo hutokana na kukurbitasini, sumu za asili za mimea ya jamii ya boga, ambazo hazivunjwi na moto wa jikoni. Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee mmoja alifariki baada ya kula mumunye chungu lililotoka katika bustani ya jirani. Tatizo hilo halisababishwi na ghala. Mara nyingi hutokana na mbegu zilizochavushwa na jamaa zake wa porini, kwa hiyo mbegu za tunda chungu zisipandwe.

Kuyakausha inawezekana, kwa namna inayokaribiana na ile ambayo Wasukuma hukausha viazi vitamu kupata michembe. Kata vipande vyembamba vya milimita tatu hadi tano, vitie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, vipoze, kisha vianike kivulini penye upepo, juu ya wavu, huku umefunika kwa chandarua. Usivianike juani moja kwa moja, kwa maana mwanga wa jua huiunguza ile karotini ambayo Mtu wa Lishe amekuhesabia. Vikivunjika bila kupinda, vimekauka.

#10 Mama Futari

Na majani je? Watu wanalisubiri tunda miezi minne wakati msusa unaota mlangoni. Chuma machipukizi machache kwa kila mmea, si yote, boga lisinyimwe.

#11 Mkulima wa Mufindi (mleta uzi)

Mama, tuliyachuma Januari na Februari mpaka shina likachoka.

Nimeonja lile lililoota mbegu, lilikuwa tamu. Mke wangu amelipika kwa karanga, naye amekula, ingawa aliukata ule upande wa mizizi kwa ukarimu uliopita kiasi. Manane yamehamia juu ya kichanja darini, umbali wa kiganja kati ya moja na jingine, na kila moja nimeliandikia uzito wake kwa chaki. Jumamosi nitayapima tena.